Safari ya Risasi, 1994 hadi 2023

Mchezo wa kompyuta uliokuja kuwa mzazi wa michezo mingi ya vita vya zamu nusura ufie tumboni. Mwaka 1993 MicroProse, kampuni iliyosimamia mchezo huo, ilinunuliwa na kampuni ya Marekani, Spectrum HoloByte, ambayo iliagiza mradi wa ndugu wawili Waingereza, Julian na Nick Gollop, usimamishwe. Wasimamizi wa tawi la MicroProse la Uingereza walilifumbia macho agizo hilo. Machi 1994 ukatoka UFO: Enemy Unknown, ambao Marekani uliuzwa kwa jina la X-COM: UFO Defense.

Julian hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Alikwisha kutengeneza Rebelstar Raiders mwaka 1984 na Laser Squad mwaka 1988, michezo ya askari kwenye miraba, upande mmoja ukimaliza kucheza ndipo mwingine ujibu. Safari hii aliongeza dunia nzima ya kulindwa dhidi ya wavamizi wa anga za mbali, na risasi inayosafiri kweli.

Hilo la risasi ndilo kiini cha yote. Kila askari alipewa akiba ya muda kwa zamu yake: kutembea, kugeuka, kupiga magoti, kufyatua, kila kitendo kilikuwa na bei yake. Aliyebakiza muda aliweza kumpiga adui aliyejitokeza katika zamu ya adui. Risasi ikikosa, haikupotea. Iliendelea na njia yake hadi igonge ukuta wa ghala, pampu ya petroli, au mgongo wa askari mwenzake aliyetangulia. Kikosi kilichohofia mlango kingeweza kutoboa ukuta kwa bomu kikaingilia nyuma. Hakuna mwandishi aliyeyatunga matukio hayo mapema. Yalizaliwa na hesabu, na hiyo ndiyo nguvu ambayo michezo mingi ya baadaye haikuifikia.

Lakini uhuru huo ulichosha. Ndege ya kusafirisha kikosi iliweza kubeba askari 14, na kila mmoja alipangiwa silaha na maguruneti yake kimojakimoja. Toleo la awali lilikuwa pia na dosari: mchezo ukihifadhiwa na kufunguliwa tena, kiwango cha ugumu kilishuka hadi cha chini kabisa. Wazoefu wakalalamika kwamba ni rahisi mno, ndipo mwendelezo wake, Terror from the Deep ya 1995, ukafanywa ngumu kupindukia.

Jake Solomon wa kampuni ya Firaxis aliupenda mchezo ule wa 1994 tangu ujana, na alipoufufua Oktoba 2012 kwa jina la XCOM: Enemy Unknown, aliupunguza bila huruma. Askari wanne, wakiongezeka hadi sita. Vitendo viwili kwa zamu. Kinga nusu au kinga kamili, na asilimia ya uwezekano wa kulenga shabaha ikionekana kabla ya kufyatua.

Risasi nayo ikabadilika: kompyuta hurusha kete kwanza, kisha huonyesha tokeo. Kwa kuwa maamuzi yalikuwa machache, kila moja lilikuwa zito, na hapo Solomon alipatia. Ila wachezaji walijifunza kunyatia hatua kwa hatua huku wakivizia, hivyo XCOM 2 ya 2016 ikawawekea idadi ya zamu za kukamilisha kazi.

Into the Breach ya 2018, kazi ya Justin Ma na Matthew Davis, ilikwenda mbali zaidi. Kwenye uwanja wa miraba 8 kwa 8, adui huonyesha atakapopiga kabla hajapiga, na kete karibu zote zimeondolewa. Ni mchezo safi kuliko wenzake wa kisasa, ingawa mshangao wa 1994 haumo.

Julian Gollop mwenyewe aliurudia mshangao huo Desemba 2019, katika Phoenix Point, iliyotengenezwa Sofia, Bulgaria. Mchezaji hulenga mkono ulioshika silaha au mguu unaokimbia, na kila risasi huwa na njia yake. Mjini humohumo, Haemimont Games ilitoa Jagged Alliance 3 mwaka 2023 bila kuonyesha asilimia ya shabaha. Baadhi ya wachezaji hawakuvumilia. Walitengeneza nyongeza zao wenyewe za kuionyesha.