Bao Letu la Mwaka Huu



Mwaka huu, badala ya kalenda, kamati imechongesha bao la mbao la kunadiwa usiku wa chakula chetu cha hisani. Tunaeleza hapa lilivyopatikana.

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, yaani 32, na kete 64. Limekaliwa na wakubwa na wadogo. Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alikuwa akicheza bao Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972 alipouawa. Mwalimu Nyerere naye alilipenda. Miaka ya 1990 mtafiti wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alikuja Zanzibar kuwasoma mafundi wa bao na namna wanavyohesabu kichwani, akaandika tasnifu nzima.

Sisi tunaoshinda na vitabu vya hesabu mjini tulidhani kulichora ni kazi ya jioni moja. Tulipiga mistari kwenye kompyuta, tukaziweka nyumba mbili, yale mashimo ya mraba, zitazamane sawasawa katikati. Tukaona limependeza. Kabla ya fundi kushika tezo, tuliupeleka mchoro barazani. Mzee mmoja aliutazama, akacheka.

"Wajukuu zangu, mjini mmekaa sana. Hebu kaeni mhesabu."

Tukahesabu. Nyumba ya kila mchezaji ni shimo la tano kutoka kushoto kwake, safu ya mbele. Wawili wakikaa wakielekeana, kushoto kwa huyu ni kulia kwa yule, kwa hiyo nyumba hazitazamani. Zinapishana kwa shimo moja. Lingechongwa lile letu, tungenadi pambo la ukutani.

Tulikuwa pia tumepanga majina ya wachangiaji wakubwa yachongwe pembeni. Wazee wakakataa: barazani anayekaa mbele ya bao ni anayejua kucheza. Pembeni tukaacha mbao tupu. Kete ni komwe zilizookotwa na watoto pwani kwetu.

Kisha tukaambiwa tucheze. Kila mtu huanza na kete 10 baoni: 6 nyumbani, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya kulia kwake. Zilizobaki 22 zinakaa ghalani, unanamua moja moja mpaka ziishe, ndipo mnaingia mtaji. Neno hilo tunaliandika kila siku kazini, lakini siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyefika mtaji. Wote tulifungwa tukiwa bado tunanamua. Nyuma yetu walisimama vijana, nao hawakujua kutuelekeza.

Hapo ndipo tulipoamua bao moja halitoshi. La pili halikuwemo katika bajeti, na fedha za wanachama haziguswi bila kikao, kwa hiyo wanakamati tumelilipia mifukoni mwetu. Hilo halinadiwi. Tutalikabidhi barazani Julai, tukija nyumbani kwa Mwaka Kogwa, na wazee wameahidi kufundisha kila baada ya sala ya alasiri.

La kwanza ni lenu kulipigania mnadani. Fedha yote inaingia katika chumba cha kusomea cha watoto wetu. Atakayelipata, tunamwomba jambo moja: asilitundike ukutani.