Mnywa Sere, Mirambo na ruwaza ya shujaa

Mwaka 1936 Lord Raglan alichapisha The Hero, kitabu kinachotaja vipengele 22 vya maisha ya shujaa wa masimulizi ya kale: kuzaliwa kwa ajabu, kuponea chupuchupu kuuawa na mtu wa ukoo wake, kukulia ugenini, kurejea na kumshinda mfalme, kutawala, kisha kufa kifo chenye utata. Kwake yeye, kadiri maisha ya mtu yanavyolingana na vipengele hivyo, ndivyo inavyotia shaka kwamba aliwahi kuishi. Joseph Campbell, mwaka 1949, alitafuta asili ya ufanano huo ndani ya nafsi ya binadamu. Historia ya Tabora inadai jibu la tatu, nalo ni la kisiasa.

Ufanano wenyewe haukanushiki. Mwindo wa Wanyanga, katika masimulizi ya Candi Rureke yaliyorekodiwa mwaka 1956 mashariki mwa Kongo, anachukiwa na babaye Shemwindo, anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, naye anarudi akiwa mshindi. Fumo Liyongo wa pwani anawindwa na mtawala wa ukoo wake mwenyewe, anatoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, kisha anauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Msitu wa Wanyanga na mwambao wa Lamu vina mazingira tofauti kabisa, lakini pote adui wa kwanza ni ndugu wa damu. Sioni haja ya kutafuta siri ya nafsi hapa. Palipo na kiti cha enzi kinachorithiwa, ndugu ndiye mwenye sababu ya kumwogopa ndugu.

Sasa tuje Unyanyembe, nchi ambayo ndani yake umo mji wa Tabora. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita na kupumzika katika nchi hii, na aliyemiliki njia alimiliki bunduki, baruti na nguo. Mtemi Fundikira alipofariki, Mnywa Sere alitwaa utemi na kuwatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu. Mwaka 1860 wakamwondoa na kumsimika Mkasiwa. Miaka iliyofuata Mnywa Sere aliishi kwa kuhamahama, akivizia misafara na kutafuta washirika. Mwaka 1861 alikutana na John Hanning Speke akamwomba amsuluhishe na Waarabu. Mwaka 1865 alikamatwa na kuuawa.

Tukimpima kwa kipimo cha Raglan na Campbell, huyu ana mengi: haki ya urithi, kupinduliwa, mpinzani wa ukoo wake aliyekalia kiti chake, miaka ya ugenini. Kikubwa alichokosa ni kurejea. Kwa kukosa hicho, jina lake limebaki katika kurasa za wanahistoria, wakati shule ya sekondari mjini Tabora inaitwa Milambo, kwa jina la mtemi mwingine, Mirambo.

Mirambo hakufukuzwa kwao. Alirithi utemi mdogo wa Uyowa, akaupanua kwa wapiganaji wake, rugaruga, mpaka ukawa dola. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, akawashinda Waarabu wa Tabora pamoja na Henry Morton Stanley aliyejiunga nao, na Khamis bin Abdallah akauawa vitani. Mwaka 1876 Stanley huyohuyo akachanjiana naye udugu. Maisha haya yana barua, mashahidi na tarehe, lakini masimulizi yameyapa kile yalichopungukiwa: inasemwa kwamba ujanani alitekwa na Wangoni na kwao akajifunza vita. Wanahistoria wanabishana juu ya kisa hiki, nami nakiona kuwa na maana kubwa hata kama hakikutokea. Kinaeleza jinsi mtemi wa nchi ndogo alivyopata nguvu ambazo urithi wake haukuweza kumpa. Mtu alikuwepo kwanza, ruwaza ikamfuata. Kwa hiyo hitimisho la Raglan halisimami.

Kipengele kimoja cha Raglan kinastahili kuangaliwa kwa karibu: watoto wa shujaa hawamrithi. Mirambo alifariki Desemba 1884 na kurithiwa na nduguye Mpandashalo, ambaye alishindwa kuishika dola hiyo. Mwezi huohuo alifariki Nyungu ya Mawe, mtawala mwenye jicho moja aliyeunganisha Ukimbu kusini mwa Tabora. Huyu alirithiwa na binti yake Mugalula, na dola ikadumu. Nyungu alikuwa ameweka watawala wake katika maeneo aliyoyateka. Mirambo alitegemea mno uwepo wake mwenyewe na uaminifu wa wapiganaji wake. Aliyejenga kwa uimara zaidi ndiye anayetajwa kidogo zaidi, kwa kuwa dola iliyovunjika pamoja na mtu wake humwachia msimulizi nafasi ya kuieleza yote kupitia mtu huyo, ilhali dola ya Nyungu inadai tuwazungumzie pia binti yake na wasimamizi wake, watu ambao ruwaza ya shujaa haina mahali pa kuwaweka.