Ubanaji wa Video

Ubanaji wa video ni sanaa ya hisabati ambayo kwayo filamu hupunguziwa ukubwa wa faili lake bila ya kupotezewa sura yake mbele ya mtazamaji. Lau si sanaa hiyo, filamu ya dakika 90 yenye nukta 1,920 kwa 1,080, na picha 25 kwa kila sekunde, ingefikia gigabaiti 840 hivi. Ilhali mkazi wa Wamagana, katika eneo bunge la Tetu, kaunti ya Nyeri, aghalabu huichukua ndani ya flashi ikiwa na gigabaiti moja au mbili tu.

Rangi huhifadhiwa kwa uchache kuliko mwangaza, kwa kuwa jicho la mwanadamu halina wepesi wa kuzipambanua. Kisha kila picha hugawanywa miraba midogo, na mraba ambao haukubadilika tangu picha iliyotangulia hauandikwi upya. Ndiyo sababu msoma habari aliyetulia mezani hubanika kwa urahisi, na mandhari ya milimani hutaabisha. Shamba la chai la Tetu likivumiwa na upepo, maelfu ya majani husogea kila moja upande wake, na biti zikiwa haba hugeuka miraba ya kijani isiyo na umbo. Na ukungu wa milima ya Nyandarua, ambao weupe wake hufifia taratibu mno, hukatika mapande mithili ya ngazi, maana tofauti ndogo za mwangaza hutupwa mapema. Filamu kama *Taking Root* (2008), inayomhusu Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe huko huko Tetu, haistahili kubanwa kwa kipimo cha mahojiano ya studio.

Kwa hiyo ukubwa wa faili peke yake si ithibati ya ubora. Kanuni ya ubanaji iitwayo H.265, iliyoidhinishwa mwaka 2013, hutoa picha iliyo sawa na ya H.264 ya mwaka 2003 kwa takriban nusu ya biti, walakini huidai mashine kazi kubwa zaidi, na simu nyingi za zamani huikwamia.

Kilichotupwa hakirudi, hata faili likikuzwa tena, na kila ubanaji mpya huongeza taksiri juu ya taksiri. Video ya ruracio, yaani sherehe ya mahari ya Wakikuyu, ikishapitishwa WhatsApp kwa kawaida imekwisha kubanwa mara ya pili. Kwa hiyo mwenye shughuli na adai faili lililotoka kwenye kamera, alihifadhi, na nakala tu ndizo azibane.