Maofisa wa Barabara ya Mueda

Kutoka Mocímboa da Praia, mji wa Wamwani ulio ufukweni kaskazini mwa jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, hadi Mueda juu ya uwanda wa Wamakonde ni mwendo wa kama kilomita 100. Mwishoni mwa miaka ya 1960 malori ya jeshi la Ureno yaliweza kutumia siku kadhaa kuumaliza. Shehena ilipakuliwa bandarini, ikapangwa kwenye malori, kisha msafara ukajikongoja nyuma ya askari waliokwenda kwa miguu, fimbo ndefu zenye ncha za chuma mkononi, wakichokoachokoa mchanga kutafuta mabomu yaliyofukiwa.

Luteni usu aliyewaongoza mara nyingi hakuwa mwanajeshi wa kazi. Alikuwa kijana wa chuo kikuu, pengine wa Lisbon au Coimbra, aliyeitwa jeshini kwa lazima, akapigishwa kwata miezi michache huko Mafra, akavishwa cheo na kupandishwa meli. Ofisa wa namna hiyo aliitwa miliciano. Ureno ilikuwa ikipigana Angola, Guinea na Msumbiji kwa wakati mmoja, na vijana waliojiunga kwa hiari na Chuo chake cha Kijeshi walizidi kupungua. Bila wanafunzi, vikosi vingekosa makamanda.

Waliotega mabomu yale walikuwa na shida hiyohiyo, tena kubwa kuliko ya adui yao. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam Juni 1962, katika nchi ambayo mkoloni alisomesha Waafrika wachache mno. Maofisa wangetoka wapi? Walitoka katika kazi zozote zilizomfunza mtu kusoma na kuhesabu. Samora Machel alikuwa muuguzi Lourenço Marques, Maputo ya leo. Alberto Chipande, mzaliwa wa Mueda, alikuwa mwalimu. Kuanzia 1963 vikundi vya kwanza vilipelekwa Algeria, na Septemba 25, 1964, kikosi cha Chipande kilishambulia kituo cha utawala cha Chai, kwenye njia ya kutoka Macomia kwenda Mocímboa. Mwalimu yule ndiye aliyekuja kuwa waziri wa kwanza wa ulinzi wa Msumbiji huru.

Mafunzo yenyewe yakahamia Tanzania: Kongwa mwaka 1964, kisha Nachingwea mwaka uliofuata. Kote kuwili Waingereza walikuwa wamejaribu mradi wao wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, wakashindwa vibaya. Ardhi iliyogoma kuzaa karanga ikazaa jeshi. Nachingwea kuruta hakufundishwa silaha tu. Alilima chakula chake, alikaa darasani, alisoma siasa, na kama hakujua kusoma alianzia kwenye herufi. Wamakonde wengi walikuja na Kiswahili, lugha waliyoizoea tangu enzi za vibarua vya mkonge Tanganyika. Watu wa kusini hawakukijua, na uongozi ukachagua Kireno, lugha ya adui, kiwe cha wote. Mwaka 1967 wasichana nao wakaingia. Kundi la kwanza, kama 25 hivi, ndilo lililokuwa chimbuko la Kikosi cha Wanawake.

Josina Muthemba, ambaye baadaye aliolewa na Machel, alikuwa mwanafunzi kutoka kusini. Alitoroka mara ya kwanza mwaka 1964 akakamatwa Victoria Falls na kurudishwa, akatoroka tena. Dar es Salaam alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi. Aliikataa, akaenda Nachingwea.

Si wote waliofanya hivyo. Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO na msomi mwenye shahada ya uzamivu kutoka Marekani, alitaka vijana wasome. Mkewe Janet aliiongoza Taasisi ya Msumbiji pale Kurasini, shule ya sekondari ya wakimbizi. Lakini chama kiliamua kwamba anayemaliza masomo arudi kutumika katika mapambano kabla ya kuendelea juu. Baadhi ya waliokuwa ng'ambo hawakurudi. Kurasini, padri Mateus Gwenjere akawatia vijana moyo kwamba wao ni wa vitabu, si wa mahandaki, na Machi 1968 fujo zikalipuka, shule ikafungwa. Hoja ya wanafunzi haikuwa ya kipuuzi, maana nchi huru ingehitaji madaktari na wahandisi walio hai. Ila ilikuwa vigumu kumweleza hivyo mkulima wa Mueda aliyekuwa akibeba masanduku ya risasi kichwani kutoka mto Ruvuma.

Mkulima huyo naye alikuwa na lake. Makamanda wengi walitoka kusini, na kiongozi wa Cabo Delgado, Lázaro Nkavandame, aliukuza mfarakano huo. Desemba 22, 1968, kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa alipokuwa akivuka kwenda Cabo Delgado. Mwaka uliofuata Nkavandame akajisalimisha kwa Wareno.

Kwa Wareno, kitanzi kilikazwa na karatasi. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alimwaga maelfu ya askari kwenye uwanda wa Wamakonde, akateka kambi, lakini vita havikuisha. Julai 1973 serikali ikatoa amri ya sheria namba 353/73: miliciano aliyekwisha pigana angeweza kusoma kozi fupi ya mihula miwili katika Chuo cha Kijeshi na kuwa ofisa wa kudumu. Makapteni waliosota miaka kadhaa chuoni humo wakaona wanarukwa. Wakaanza kukutana kwa siri, kwanza kuhusu vyeo, baadaye kuhusu vita vyenyewe. Aprili 25, 1974 wakaipindua serikali, na Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Leo Msumbiji ina Chuo cha Kijeshi cha Marechal Samora Machel mjini Nampula, ambako mhitimu wa sekondari hutoka na shahada na cheo. Hata hivyo waasi wenye itikadi kali za Kiislamu walipovamia Mocímboa da Praia Oktoba 5, 2017, vikosi vya serikali vilizidiwa, na mji ukaanguka mikononi mwao Agosti 2020. Uliporudishwa mwaka mmoja baadaye, askari wa Rwanda walikuwa mstari wa mbele. Umoja wa Ulaya ukaleta wakufunzi wa kuandaa vikosi vipya, na kamanda wa kwanza wa ujumbe huo alikuwa brigedia jenerali Mreno.