Walimu na Wachungaji katika Makanisa Madogo ya Buhaya, 1910–1964

Historia ya Ukristo wa Kiprotestanti katika Buhaya, yaani nchi ambayo leo imo zaidi katika wilaya za Bukoba na Muleba mkoani Kagera, aghalabu huandikwa kama historia ya misioni: Wajerumani walikuja, wakaondolewa, wakarudi, wakaondolewa tena, kisha Waswidi wakashika nafasi yao. Masimulizi hayo si ya uwongo, lakini yanaliacha kando jambo lililo kubwa kuliko yote. Kila mara wageni walipoondoka, vikundi vidogo vya waumini vijijini havikufa. Yafaa basi kuuliza ni nani aliyeviongoza, na kwa nguvu gani.

Jibu la kwanza limo katika asili yenyewe ya makanisa hayo. Mapadri Weupe walikuwa wamefika Kashozi tangu 1892, na Ukatoliki ukaota mizizi mapema. Waprotestanti wa kwanza, kinyume chake, hawakuhubiriwa na mzungu nyumbani kwao. Walikuwa vijana wa Kihaya, hasa wa Kiziba, waliovuka mpaka kwenda Uganda na kujifunza huko kusoma. Waliporudi walikusanyika pamoja kusoma na kusali. Vitabu vyao vilikuwa vya Kiganda, kwa kuwa Biblia nzima katika lugha hiyo ilikuwa tayari tangu 1896. Ernst Johanssen wa Misioni ya Bethel alipofika Bukoba mwaka 1910, akitoka Rwanda alikoanza kazi mwaka 1907, aliwakuta watu ambao tayari wana kitabu na wana desturi ya kukutana.

Mwenye kuchunguza lugha ataona alama ya asili hiyo katika maneno. Katika Kiganda, kitenzi cha kusoma kilibeba pia maana ya kusali na kuwa Mkristo, na Wahaya waliirithi maana hiyo. Kwa hiyo msomaji alikuwa muumini, na aliyewatangulia wenzake katika kusoma alikuwa, kwa sababu hiyo hiyo, kiongozi wao wa ibada. Ualimu na uchungaji vilianza kama kazi moja. Hakuhitajika mtu mwenye cheo. Alihitajika mwenye kitabu, mwenye subira, na mwenye mwenendo ambao jirani zake katika kibanja wangeweza kuushuhudia kila siku.

Jambo hilo lilipimwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliitwaa Bukoba mwaka 1916, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Makusanyiko yalibaki mikononi mwa walimu wa Kihaya, na miongoni mwao aliyejulikana zaidi ni Andereya Kajerero. Mtihani wake haukuwa upweke tu. Katika miaka ya 1920 Wamethodisti wa Wesley kutoka Afrika Kusini walikuja kuishika kazi, nao hawakudumu. Tena Kanisa la Kianglikana la Uganda lilikuwa karibu, na lugha yake ilikwisha zoeleka. Kwa hiyo waumini waligawanyika mioyo juu ya nani wamfuate. Kajerero alishikamana na urithi wa Bethel, na Wajerumani waliporuhusiwa kurudi nchini kuanzia mwaka 1925, walikuta kanisa lililokwisha jifunza kuamua mambo yake. Hatimaye Kajerero mwenyewe alibarikiwa kuwa mchungaji, mmoja wa Wahaya wa kwanza kupata daraja hilo.

Lakini kupata wachungaji wenyeji hakukumaliza shida. Kulileta shida ya namna nyingine. Mchungaji alikuwa mmoja na makusanyiko yalikuwa mengi, yametapakaa toka mpaka wa Uganda hadi Kamachumu na Ihangiro. Alibatiza, akatoa Chakula cha Bwana, akaenda zake. Mwalimu wa kijiji ndiye aliyebaki na wagonjwa, wafiwa na wagomvi. Mpango wa Kanisa la Kilutheri unaihifadhi hali hiyo hata leo: usharika una mchungaji, nayo mitaa iliyo chini yake hutunzwa na wainjilisti. Neno usharika lenyewe lataja ushirika wa watu, wala si jengo.

Vita vya pili viliwaondoa tena Wajerumani, na mwaka 1942 akaja Bengt Sundkler, Mswidi aliyekuwa amefanya kazi kati ya Wazulu. Wakati huo uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ulikuwa umekwisha ingia Buhaya. Walokole walitembea kijiji hata kijiji, wakaungama dhambi hadharani, wakatiana moyo bila kungoja ruhusa ya mtu. Kwa vikundi vidogo uamsho huo ulikuwa faraja kubwa, kwani mkulima wa mtaa wa mbali alijiona ana ndugu hata nje ya nchi. Kwa wachungaji ulikuwa pia jaribu, maana aliyeokoka hakusita kumwuliza mchungaji wake kama naye ameokoka. Josiah Kibira, mzaliwa wa Kashenye, aliguswa na uamsho huo mwaka 1947.

Sundkler aliitafakari hali ya wachungaji wa Afrika katika kitabu chake The Christian Ministry in Africa, kilichotoka mwaka 1960. Mwaka uliofuata akawa askofu wa kwanza wa Kilutheri Bukoba. Mwaka 1963 kanisa hilo likaungana na mengine sita kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika. Na mwaka 1964 Kibira akapokea uaskofu. Mwaka 1977, mjini Dar es Salaam, Kibira alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo.

Ni rahisi kuutazama mwaka 1964 kama siku ambayo uongozi ulikabidhiwa kwa Wahaya. Mambo yaliyoelezwa hapa yaonyesha vingine. Kilichokabidhiwa ni cheo na ofisi. Uongozi wenyewe, ule wa kumjua muumini kwa jina na kumwendea wakati wa msiba, ulikuwa mikononi mwao kabla misioni haijafika, na haukutoka humo.