Zamu ya Alfajiri, Three Mile Island

Saa kumi alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, pampu zinazopeleka maji kwenye mitambo ya mvuke zilizima ghafla katika kinu namba 2 cha Three Mile Island, kwenye kisiwa cha mto Susquehanna, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kinu chenyewe kilikuwa kichanga. Kilianza rasmi kuuza umeme mwishoni mwa Desemba. Sekunde zilizofuata hazikuhitaji mkono wa mtu. Turbini ilijizima, vali ya kutolea presha ikafunguka, fimbo za udhibiti zikadondoka ndani ya kinu, mpasuko wa atomi ukakoma. Baada ya dakika mbili hivi, presha ilipoporomoka, pampu za dharura zilianza zenyewe kusukuma maji kwenye kiini cha kinu.

Kijana anayefikiria kusomea uhandisi wa nyuklia leo huuliza kama akili mnemba itampokonya kazi kabla hajahitimu. Ni swali la haki. Lakini katika fani hii mashine zilikabidhiwa hatua za kwanza zamani sana, na alfajiri ile inaonyesha kazi gani ilibaki kwa binadamu.

Ile vali ya kutolea presha ilipaswa kujifunga. Ilikwama. Taa yake kwenye ubao ilizimika, na waendeshaji wakaamini imefunga. Kumbe taa hiyo iliunganishwa na amri ya umeme iliyotumwa kwenye vali, si na vali yenyewe: ilisema vali imeamriwa ifunge, haikusema kama imetii. Maji ya kupoza yaliendelea kuvuja. Ving'ora zaidi ya 100 vililia katika dakika za mwanzo, na printa ya kompyuta ikalemewa hata ikawa nyuma ya matukio kwa zaidi ya saa mbili.

Kipimo cha tangi la presha kilionyesha maji yanapanda. Waendeshaji wanne wa zamu, ambao walianza kazi hii katika jeshi la majini, walikuwa wamefundishwa kwamba tangi hilo lisiachwe kujaa. Wakapunguza maji ya dharura ambayo mashine ilikuwa imeyafungulia. Kiini kikabaki wazi na kuungua. Saa 12 na dakika 22 asubuhi, baada ya mkuu mwingine wa zamu kuwasili na kutazama mambo kwa macho mapya, njia ya vali ile ilizibwa. Takribani nusu ya kiini ilikuwa imeyeyuka au ilikuwa inaelekea kuyeyuka.

Ni rahisi kusema mashine ilikuwa sahihi na watu wakaiharibu. Mimi siikubali hukumu hiyo. Taa iliyowadanganya ilibuniwa na wahandisi. Septemba 1977, vali ya aina hiyohiyo ilikwama katika kinu cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, na waendeshaji wa huko nao wakapunguza maji kwa sababu ileile. Waliiziba baada ya dakika 20 hivi. Ndani ya kampuni iliyounda vinu hivyo, mhandisi mmoja aliandika waraka kuonya. Onyo halikufika Pennsylvania.

Rais Jimmy Carter aliunda tume na kumpa uenyekiti John Kemeny, mtaalamu wa hisabati aliyeshiriki kubuni lugha ya kompyuta ya BASIC. Mtu huyo wa kompyuta aliporipoti Oktoba 1979, alisema chimbuko la tatizo ni watu: mafunzo yao, taratibu zao, na taasisi zilizowasimamia. Hakupendekeza binadamu aondolewe kwenye chumba cha udhibiti. Kilichofuata ni kinyume kabisa. Vituo vilijengewa vyumba vya mazoezi vinavyofanana kwa kila swichi na chumba hicho halisi, na kila zamu ikatakiwa kuwa na mshauri mwenye elimu ya uhandisi. Hata roboti ziliongeza kazi: mwaka 1984 timu ya William Whittaker wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilishusha gari la kuongozwa kwa kebo hadi ghorofa ya chini ya jengo la kinu kilichoharibika, ambako mionzi ilikuwa kali mno kwa mtu kuingia. Usafishaji wa kinu hicho uliendelea hadi 1993, kwa gharama ya karibu dola bilioni 1.

Kilichowapunguzia wahandisi wa nyuklia ajira kilikuwa ukosefu wa ujenzi. Tangu 1978 hadi 2012 Marekani haikutoa kibali kipya hata kimoja cha kujenga kinu cha umeme. Mafundi na wasimamizi waliojua kazi hiyo walistaafu bila warithi. Pengo hilo lilionekana katika kituo cha Vogtle, jimbo la Georgia, ambako vinu viwili vilianza kazi 2023 na 2024, vikiwa vimechelewa miaka saba hivi na kugharimu zaidi ya dola bilioni 30.

Kinu namba 1 cha Three Mile Island, ambacho hakikuguswa na ajali, kilifungwa Septemba 2019 kwa sababu umeme wake haukuweza kushindana na bei ya gesi. Miaka mitano baadaye, Septemba 2024, kampuni ya Constellation ilitangaza kukifufua kwa mkataba wa miaka 20 na Microsoft, inayotafuta umeme wa vituo vyake vya data, ambamo akili mnemba hufanya kazi. Kinatazamiwa kutoa megawati 835. Kabla hakijawashwa, sharti wapatikane waendeshaji wenye leseni ya kinu hichohicho, na leseni hiyo haitolewi ila kwa mtu aliyefaulu mtihani na kukaa saa nyingi katika chumba cha mazoezi, akiletewa hitilafu moja juu ya nyingine.