Makumbusho, Nyumba na Karakana

Neno makumbusho latokana na kukumbusha. Hutugeuza shingo tutazame nyuma. Kwa sanaa ya leo nalipenda zaidi jina lililochaguliwa Dar es Salaam mwaka 1972: Nyumba ya Sanaa. Nyumbani watu hufanya kazi. Humo George Lilanga, Mmakonde aliyekwisha kujua kuchonga, aliajiriwa kuwa mlinzi. Palikuwa na karakana, rangi na mafundi wenziwe, naye akawa mchoraji ambaye kazi zake zilivuka bahari. Lau pangekuwa na kuta na tikiti tu, angebaki kulinda mlango.

Jijini Nairobi, Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, na wenzake walikuwa wametangulia mwaka 1965 kwa kuanzisha Paa ya Paa. (Wanasarufi watadai “paa anapaa”, sisi washairi tumsamehe.) Moto wa 1997 uliteketeza kazi nyingi zilizohifadhiwa pale, lakini kufundisha vijana hakukukoma.

Miaka yangu ya ualimu wa sekondari niliwaona wenye mkono wa kuchora wakihitimu bila kugusa rangi. Kwa hiyo nikiingia jumba jipya la sanaa, kwanza huuliza chumba cha kazi kiko wapi, na ufunguo wake anao nani.